Mohamed Amin: mtu wa kamera, na jamaa iliyochunga picha zake

Watu wa Bukavu wenye miaka 40 na zaidi wanakumbuka vizuri mwisho wa mwaka wa 1996. Vita viliingia mjini, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 mwezi wa kumi pale Nyawera, na watu wengi walikimbia. Katika ile vurugu, habari moja ilipita bila wengi wetu kuisikia: tarehe 23 mwezi wa kumi na moja, Mohamed Amin alikufa katika ndege iliyoanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro. Huyu njo mtu aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943. Baba yake alitoka Punjab, akawa anatumika kwa reli. Kisha familia ilihamia Dar es Salaam. Pale, akiwa angali mwanafunzi, Mohamed alipata kamera ndogo iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Kazi aliijifunza kwa kuifanya. Mwaka wa 1963, akiwa na miaka 20 hivi, alifungua studio yake na kuiita Camerapix.

Wakati ule, picha za Afrika kwenye televisheni za Ulaya zilichukuliwa zaidi na wageni. Walikuja, wakapiga picha siku chache, wakarudi kwao na filme zao. Amin alikuwa mtoto wa hapa, na filme zake zilibaki hapa. Mapinduzi yalipotokea Zanzibar mwezi wa kwanza 1964, alivuka bahari kwenda kuyapiga picha. Mwaka wa 1966 alikamatwa kulekule Zanzibar, akafungwa karibu mwezi mmoja. Baadaye alijenga kazi yake Nairobi, na Tom Mboya alipopigwa risasi tarehe 5 mwezi wa saba 1969, kamera ya Amin ilikuwa pale.

Lakini jina lake lilijulikana kila mahali mwaka wa 1984. Njaa ya Ethiopia haikuwa siri, sababu mashirika ya misaada yalikuwa yamekwisha kupiga kelele. Kilichokosa ni picha. Serikali ya Mengistu haikupenda kamera zifike kaskazini. Amin alihangaikia ruhusa mpaka akaipata, akaenda Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC. Tarehe 23 mwezi wa kumi picha zilionyeshwa Uingereza, kisha mamia ya televisheni za inchi zingine zikazichukua. Waimbaji wakakusanyika, na tarehe 13 mwezi wa saba 1985 yakafanyika matamasha makubwa London na Philadelphia kwa kuchanga feza. Mtu mwenye njaa, aliyekuwa paka hesabu katika ripoti, akawa na uso.

Kazi hiyo ilimkula mwili pia. Mwaka wa 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai, mwenye kushika sauti, alikufa palepale. Amin alikatwa mkono wa kushoto. Alifungiwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Siku ya mwisho alikuwa anatoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliteka ndege, wakataka iende Australia, hata rubani alipowaambia kwamba mafuta hayatafika. Kati ya watu 175, walikufa 125, pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyeandika naye vitabu vingi.

Hapa kwetu tunajua mambo yanavyoendaga mwenye kazi akifa. Ndugu wanagombana, vyombo vinauzwa, kaseti zinabaki kwenye karton mpaka maji ya mvua yaziharibu. Kwa Amin haikuwa hivyo. Mtoto wake wa pekee, Salim, alikuwa na miaka 26. Alishika Camerapix, akachunga mamilioni ya picha za baba yake, na mwaka wa 2006 akatoa filme kuhusu maisha yake. Leo mtu akitaka kuona Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 ao 1970, kuna mlango wa kugonga Nairobi.

Bukavu tunagonga wapi? Wapiga picha wa Kadutu na Ibanda walipiga arusi, mazishi, wakimbizi wa 1994, vita vya 1996 na vya 2004. Wengi wao wamekwisha kufa ao wamehama. Picha zao ziko katika masanduku ya familia, nyingi bila jina wala tarehe. Wazee wangali hai wanaoweza kusema nani ni nani. Tuketi nao, tuandike nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka. Haiombi feza nyingi, paka kalamu na saa moja ya jioni, lakini wazee hawatatungojea.