Pestalozzi na Yatima wa Stans

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa mjini Zürich, Uswisi, mwaka 1746. Maisha yake yalikuwa marefu, lakini sisi tutakaa zaidi katika miezi michache ya mwaka 1799, kwani ndiyo inayomhusu hasa mwalimu mwenye darasa kubwa na vitabu haba.

Mwaka uliotangulia, majeshi ya Ufaransa yalikuwa yameshambulia Stans na kuacha yatima wengi. Pestalozzi, mwenye umri wa miaka 53, alikabidhiwa watoto wapatao 80 katika jengo la watawa. Msaidizi wake alikuwa mwanamke mmoja tu, mtunza nyumba. Vitabu hakuwa navyo, na wengi wa watoto hao hawakujua hata herufi. Alianza na vitu walivyoweza kuviona na kuvishika, kisha ndipo akawafikisha kwenye maneno. Mtoto aliyekwisha kufahamu jambo aliketi kati ya wenzake wawili wasiolifahamu, akawafundisha. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote: mtoto mwoga, asiyethubutu kufumbua kinywa mbele ya watu themanini, husema bila shida mbele ya wawili.

Tusimtukuze kupita kiasi. Fedha zilimshinda daima. Makao ya watoto maskini aliyoyaanzisha shambani kwake Neuhof yalifungwa mwaka 1780. Hata Stans haikudumu, maana Juni 1799 Wafaransa walilitwaa jengo lile liwe hospitali. Akahamia Burgdorf, kisha Yverdon, ambako walimu wa nchi nyingine, Froebel miongoni mwao, walikwenda kujifunza kwake. Alifariki mwaka 1827.