Florence Nightingale na kengele ya mgonjwa

Wengi tunamfahamu Florence Nightingale kwa taa aliyoishika akipita kwa wagonjwa usiku, wakati wa vita ya Crimea. Leo tumkumbuke kwa kengele.

Alizaliwa Mei 12, 1820 mjini Florence, Italia, katika familia tajiri ya Waingereza. Wazazi wake walimkatalia uuguzi kwa miaka mingi, kwani ilikuwa kazi ya kudharauliwa. Agosti 1853, akiwa na miaka 33, alianza kusimamia nyumba ya kutunzia wanawake wagonjwa wasio na uwezo, Harley Street, London. Wengi wao walikuwa wamefundisha watoto katika nyumba za watu. Sasa wamechoka na hawana wa kuwauguza.

Kabla ya kuanza alitaka maji ya moto yafike kila ghorofa, na iwepo lifti ya kupandishia chakula. Kengele za wagonjwa zilie nje ya mlango wa muuguzi wa ghorofa husika, na kila moja iwe na kifuniko kinachofunguka inapolia na kubaki wazi, ili ajulikane aliyeita. Aliona kuwa muuguzi anayeshinda kwenye ngazi hawezi kuwa karibu na mgonjwa.

Novemba 1854 alifika Scutari na wauguzi 38, na mwaka 1860 shule yake ya uuguzi ikafunguliwa hospitali ya St Thomas', London. Lakini Crimea ilimwachia maradhi, akaishi miaka mingi akiwa kitandani. Uzeeni alipoteza uwezo wa kuona, naye akawa wa kutunzwa. Alifariki Agosti 13, 1910, akiwa na miaka 90.

Mzee akianguka na kulala sakafuni kwa saa nyingi, anaweza kupata vidonda, kuishiwa maji mwilini, hata figo zikaharibika. Hivyo, ukimtembelea mzee wako kwenye makao ya wazee, uliza: kengele iko wapi? Anaifikia akiwa amelala? Chooni ipo? Usiku nani anaitikia? Aliyepata kiharusi awekewe upande wa mkono wenye nguvu.

Kama anaishi nyumbani kwako, kengele ndogo au filimbi inatosha. Mwambie aijaribu leo usiku, nawe uone unachukua muda gani kumfikia.