Noguchi Hideyo, munganga aliyeungua mukono

Wazee wetu waliotumika na Sodimico kule Musoshi miaka ya 1970 walijua Wajapani kama watu wa mashini na wa shaba. Leo tuzungumze juu ya Mujapani mwingine, mutoto wa walimaji maskini, ambaye kifo kilimukuta huku kwetu Afrika. Jina lake Noguchi Hideyo.

Nyumba alimozaliwa ingali inasimama. Iko Inawashiro, mu jimbo la Fukushima, karibu na ziwa, chini ya mulima wa moto Bandai. Ni nyumba ya mbao yenye majani juu. Tangu 1939 inalindwa kama makumbusho. Ndani muna vitu viwili ambavyo wageni wanaenda kuangalia: shimo la moto wa kupikia, na nguzo moja yenye maandishi. Tukielewa hivi viwili, tumeelewa huyu mutu.

Alizaliwa Novemba 1876, wakamupa jina la Seisaku. Baba yake alipenda pombe kuliko shamba. Mama yake, Shika, njo aliyebeba nyumba: kulima, kubeba mizigo ya watu, kutafuta chakula. Mutoto alikuwa na mwaka mumoja na nusu wakati alianguka mu lile shimo la moto, mama akiwa inje. Mukono wa kushoto uliungua, vidole vikashikamana kama ngumi. Kila mama wa Kamalondo aliye na mbabula chini na mutoto anayeanza kutembea anajua ile woga. Na kwa mulimaji, mukono mumoja maana yake ni njaa.

Mama Shika alifikiri kwamba kama jembe halitamufaa mutoto, kitabu kitamufaa. Akazidisha kazi ili aende masomo. Wenzake walimucheka kwa ule mukono, lakini alikuwa na akili sana. Mwalimu mumoja, Kobayashi Sakae, alimuona, akamusaidia kuendelea. Mu 1892, walimu na wanafunzi wenzake walichanga feza, wakamupeleka kwa munganga Watanabe Kanae, aliyekuwa amesomea Amerika. Huyu alipasua mukono, akatenganisha vidole. Haukurudia kuwa muzima kabisa, lakini ulianza kushika kitu. Kijana akakata shauri kuwa munganga, akaingia kutumika na kujifunza kwa huyo huyo Watanabe.

Mu 1896, mbele ya kwenda Tokyo, alichora ahadi kwa kisu mu nguzo ya nyumba yao: hatakanyaga tena pale kama hajatimiza nia yake. Mwaka uliofuata alishinda mitihani ya uganga, akiwa na miaka 20 tu.

Mu 1900 alivuka bahari, akafika Philadelphia, akatumika juu ya sumu ya nyoka. Kutoka 1904 alikuwa New York, mu Rockefeller Institute. Mu 1913 alionyesha vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa watu waliokufa na wazimu na kupooza. Ikajulikana wazi kwamba wazimu ule ni ugonjwa wa mwili. Mu 1915 alirudia Inawashiro mara moja tu, kumuona mama yake, ambaye alikuwa amejikaza kuandika barua kwa mukono wake mwenyewe ili mwana arudi. Mama Shika alikufa 1918.

Mu 1926 alitatua neno lingine linalogusa watumishi. Miaka ya 1870, homa ya Oroya iliua watu wengi sana waliojenga reli kule milima ya Peru. Noguchi alionyesha kwamba homa hiyo, pamoja na ugonjwa wa vinundu vya ngozi wa kule kule, vinaletwa na kijidudu kimoja.

Lakini tuseme yote. Mu 1911 na 1912, alijaribisha dawa yake ya kupima kaswende juu ya wagonjwa wa hospitali na watoto yatima wa New York bila ruhusa yao. Watu walilalamika, wengine walitaka ashitakiwe. Sisi wa sendika tunajua: maskini si kifaa cha kujaribishia, hata kama munganga ni mwana wa maskini.

Tena alikosa juu ya homa ya manjano. Mu 1918, kule Ecuador, alisema amepata kijidudu chake, akatengeneza na dawa ya kinga. Haikukinga mutu. Homa hiyo inaletwa na virusi, kitu kidogo ambacho mikroskopi za wakati ule hazikuweza kuona. Waganga wa Afrika ya magharibi walitafuta kijidudu cha Noguchi, hawakukiona. Mumoja wao, Adrian Stokes, alikufa na homa hiyo Lagos mu 1927. Noguchi hakubaki New York kutetea jina lake kwa barua. Alipanda meli kwenda kuangalia mwenyewe, akafika Accra mu Novemba 1927. Tarehe 21 Mei 1928, homa ya manjano ilimuua, akiwa na miaka 51. Munganga William Young, aliyetumika naye pale, alikufa nayo siku chache nyuma yake.

Japani ilitia sura yake mu noti ya yeni 1.000 kutoka 2004 mupaka 2024. Serikali yao inatoa pia zawadi yenye jina lake kwa watu wanaopigana na magonjwa ya Afrika. Mu 2008 ilipewa Miriam Were wa Kenya, na mu 2019 Jean-Jacques Muyembe wetu, mutu wa Ebola, aliyeingia Yambuku tangu 1976.

Ndugu zangu, Inawashiro hawakufukia lile shimo la moto. Wameliacha wazi ili watu waone mutoto aliangukia wapi, na nani walimuinua: mama, mwalimu, na wanafunzi waliotoa kila mutu kidogo chake. Kwetu, mutoto anayevunjika mu karieri njo wa kwanza kutolewa masomo, kwa sababu tunaona mukono wake umekwisha. Tuko na likelemba kwa matanga na kwa ndoa. Tuweke pembeni sehemu moja kwa huyo mutoto, mwezi kwa mwezi, mupaka amalize masomo.