Knute Rockne: Nyota ambayo haikuonekana asubuhi

WAHENGA walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, mchezo unaokaribiana na raga kuliko soka, methali hiyo imegeuzwa kuwa biashara kubwa. Kila mwaka wataalamu huwachunguza vijana wa shule za upili kote nchini humo. Huwapima kimo, uzani na kasi, kisha huwatunuku nyota, kiwango cha juu kikiwa tano. Chuo kinachosajili vijana wenye nyota nyingi huorodheshwa juu, na mashabiki wake huanza kuhesabu vikombe kabla ya msimu kung'oa nanga.

Je, orodha hizo hutabiri ushindi kweli? Maisha ya Knute Rockne, mmoja wa makocha wakubwa zaidi katika historia ya mchezo huo, yanatoa jibu lenye pande mbili. Lau yeye mwenyewe angepimwa kwa mizani ya leo alipokuwa tineja, huenda asingepata hata nyota moja.

Rockne alizaliwa Machi 4, 1888 katika mji wa Voss, nchini Norway. Babake, fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, alivuka bahari kwenda Chicago wakati wa maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893. Familia yake ilimfuata, na Knute akawasili Marekani akiwa na umri wa miaka 5. Alijifunza mchezo huo katika viwanja vya mtaani, miongoni mwa watoto wa wahamiaji wenzake.

Hakuna chuo kilichomtafuta. Aliacha shule ya upili bila kuhitimu, akafanya kazi katika posta ya Chicago kwa takriban miaka minne, akidunduliza senti kwa lengo la kujilipia karo. Nia yake ilikuwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Illinois, lakini rafiki zake wawili wanariadha walimshawishi waandamane hadi Notre Dame, chuo cha Kikatoliki katika jimbo la Indiana. Alifika huko mwaka 1910, Mlutheri mwenye umri wa miaka 22 katikati ya Wakatoliki, akiwa na akiba ya dola 1,000.

Jaribio lake la kwanza katika timu ya chuo liliambulia patupu. Kimo chake kilikuwa takriban futi 5 na inchi 8, na makocha hawakuona cha kutamanisha. Alirejeshwa kuchezea bweni lake. Hata hivyo, hakukata tamaa. Aligeukia riadha, aking'ara katika kuruka kwa upondo, kisha akarudi kwenye futiboli akiwa na kasi iliyomfanya asipuuzwe tena. Kufikia mwaka 1913 alikuwa nahodha.

Mwaka huo ndio uliomtambulisha kwa taifa. Kurusha mpira mbele kulikuwa kumeruhusiwa tangu 1906, lakini vyuo vingi vikubwa viliendelea kutegemea nguvu za miili. Wakati wa likizo, Rockne na mwenzake Gus Dorais, ambaye pia alikuwa na umbo dogo, walifanya kazi ya kibarua huko Cedar Point, kando ya Ziwa Erie, na kila walipopata nafasi walifanya mazoezi ya kurusha na kudaka mpira ufuoni. Mnamo Novemba 1, 1913 walizuru chuo cha kijeshi cha West Point, katika jimbo la New York, wakionekana kama wageni waliokwenda kutolewa kafara. Dorais alifanikisha pasi 14 kati ya 17, na Notre Dame ikawanyuka wanajeshi hao 35-13.

Rockne alihitimu mwaka 1914 akiwa na alama za kusifika, akabaki chuoni kufundisha kemia na kuwa kocha msaidizi. Alimsaidia katika maabara Padri Julius Nieuwland, ambaye utafiti wake ulichangia kupatikana kwa mpira unaotengenezwa kwa kemikali. Mwaka 1918 alikabidhiwa usukani wa timu.

Enzi hizo hakukuwa na orodha za nyota. Kocha alitegemea macho yake, barua za wanafunzi wa zamani na mapendekezo ya mapadri wa parokia. Mchezaji aliyempatia sifa za kwanza alipatikana karibu kwa bahati. George Gipp, kutoka mji mdogo wa Laurium katika jimbo la Michigan, alifika chuoni mwaka 1916 akiwa na azma ya kucheza besiboli. Rockne, wakati huo akiwa msaidizi, alimwona akipiga mpira uwanjani kwa kujifurahisha tu, akamshawishi ajiunge na timu. Gipp alikuja kuwa mchezaji wa kwanza wa Notre Dame kuteuliwa katika kikosi bora cha taifa cha Walter Camp. Aliaga dunia Desemba 14, 1920 kutokana na maambukizi ya koo, akiwa na umri wa miaka 25.

Kisha wakaja vijana wanne walioimbwa zaidi: Harry Stuhldreher, Don Miller, Jim Crowley na Elmer Layden. Hakuna kati yao aliyezidi futi 6 kwa kimo wala kufikisha kilo 75 kwa uzani. Usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita. Mnamo Oktoba 18, 1924 waliwalaza West Point 13-7 jijini New York, na mwandishi Grantland Rice akawapa jina la Wapandafarasi Wanne. Msimu huo Notre Dame haikushindwa. Iliukamilisha kwa kuicharaza Stanford 27-10 huko Pasadena, California, Januari 1, 1925.

Hadithi ikikomea hapo, mtu angedhani vipimo vya vipaji ni upuuzi mtupu. Lakini lipo jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia kando. Mara kwa mara Rockne alianzisha mechi kwa kikosi chake cha pili, kiwachoshe wapinzani, ndipo awaingize Wapandafarasi. Kocha asiye na akiba ya wachezaji bora hawezi kuthubutu mbinu kama hiyo. Kufikia wakati huo sifa za Notre Dame zilikuwa zimeenea katika parokia za Kikatoliki kote Marekani, na vijana hodari walijileta wenyewe. Yule ambaye hakutafutwa na yeyote alikuwa sasa akichagua kutoka ghala lililojaa.

Vyuo vingine navyo vilikuwa mbioni. Ripoti ya Wakfu wa Carnegie iliyotolewa mwaka 1929 ilifichua kwamba vyuo vingi ilivyovichunguza viliwavutia wachezaji kwa fedha na marupurupu. Thamani ya kipaji ilijulikana hata kabla ya kupewa nyota.

Hata hivyo, ghala lililojaa halikumkinga Rockne dhidi ya aibu kubwa zaidi ya maisha yake ya ukocha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Novemba 27, 1926, Notre Dame ambayo haikuwa imeshindwa msimu huo ilikuwa icheze na Carnegie Tech mjini Pittsburgh. Kocha huyo aliidharau mechi hiyo kiasi cha kumwachia msaidizi wake timu, naye akaenda Chicago kutazama pambano baina ya vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini. Huko huko alipata habari kwamba vijana wake wamelazwa 19-0.

Mwaka 1928 ulikuwa mgumu zaidi, timu yake ikipoteza mechi 4. Kabla ya kukabiliana na West Point Novemba 10, Rockne aliwakumbusha wachezaji wake ombi alilosema Gipp alilitoa akiwa mahututi, kwamba siku moja wampiganie. Walishinda 12-6. Mwaka uliofuata aliugua mishipa ya mguu, akawa akifundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na timu haikucheza nyumbani kwa kuwa uwanja mpya ulikuwa ukijengwa. Ilishinda mechi zote 9. Mwaka 1930 ilishinda zote 10.

Machi 31, 1931, ndege aliyoabiri kuelekea Los Angeles ilivunjika bawa lake la mbao na kuanguka karibu na Bazaar, jimbo la Kansas. Watu wote 8 waliokuwemo waliangamia. Rockne alikuwa na umri wa miaka 43, na aliacha mjane, Bonnie, na watoto wanne. Mkasa huo ulichangia pakubwa kuachwa kwa ndege za abiria zenye mabawa ya mbao. Katika misimu 13 alikuwa ameshinda mechi 105, akapoteza 12 na kutoka sare 5.

Takwimu za sasa hazipingani na maisha hayo. Kwa ujumla, vyuo vinavyosajili vijana wenye nyota nyingi hushinda zaidi. Alabama chini ya Nick Saban ilisajili vikundi vilivyoorodheshwa kileleni mara kwa mara, ikatwaa ubingwa wa taifa mara 6 kati ya misimu ya 2009 na 2020. Lakini Texas A&M, ambayo usajili wake wa 2022 uliorodheshwa wa kwanza nchini, ilishinda mechi 5 na kupoteza 7 msimu huo huo. Naye Baker Mayfield, aliyejiunga na timu ya Oklahoma bila ufadhili wa masomo, alitwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora mwaka 2017.

Orodha, basi, hutabiri vyema kuhusu kundi kuliko kuhusu mtu mmoja. Humweleza kocha ukubwa wa ghala lake, lakini hazimwambii atakavyolitumia. Aidha, haziwezi kupima kijana anayedunduliza mshahara wa posta ili ajilipie karo, akakataliwa siku ya kwanza na bado akarudi uwanjani. Nyota njema huonekana asubuhi, ila zipo nyingine ambazo hutokeza jua likiwa limekwisha kutua.