Graham Hyslop na safari ya litungu hadi darasani

KATIKA mtihani wa muziki wa shule za upili, litungu huweza kumalizwa kwa swali la alama mbili. Mtahiniwa hutaja kwamba ni ala ya Wabukusu, kwamba ina nyuzi saba na kwamba huhesabiwa katika kundi la ala za nyuzi, kisha huendelea na swali linalofuata. Kwa mwanafunzi wa Bungoma au Kitale, jibu hilo ni jepesi mno. Hata hivyo, kulikuwa na wakati ambapo litungu halikupewa nafasi hata ya swali moja. Miongoni mwa waliochangia kuibadilisha hali hiyo ni Mwingereza ambaye Wakenya wengi, wakimkumbuka, humkumbuka kwa sababu ya wimbo wa taifa.

Marehemu Graham Hyslop alikuwa mwanamuziki na mtu wa jukwaa kwa pamoja. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alishughulika na maigizo ya kuwatumbuiza askari Waafrika, na baadaye akawa afisa wa serikali ya kikoloni aliyesimamia muziki na maigizo nchini Kenya. Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanamjua kwa upande huo wa pili. Tamthilia zake mbili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizotoka mwaka 1957, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kuchapishwa kwa lugha hii. Ni vichekesho vyepesi, vinavyofaa kuchezwa kuliko kusomwa, na leo ladha yake imechujuka kiasi. Lakini zilifungua mlango, na vijana wa Alliance High School kama Henry Kuria, mwandishi wa Nakupenda Lakini, hawakukawia kuingia.

Kazi yake ya muziki ilikuwa nzito zaidi. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 likiwa shughuli ya walowezi, na hata kwaya za Waafrika zilipokuja kushiriki, kipimo cha uimbaji bora kilibaki kile cha Ulaya. Mwaka 1955 Hyslop aliandika katika jarida la African Music, lililoasisiwa na mtafiti Hugh Tracey, kuhusu uteuzi wa nyimbo za matamasha barani Afrika. Jambo hilo linaonekana dogo kwa asiyewahi kusimama mbele ya kwaya. Lubukusu, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: neno hubeba maana yake kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Lahani ya Kiingereza ikivalishwa maneno ya Lubukusu huweza kuyapandisha pale yanapotakiwa kushuka, na waimbaji wakajikuta wanatamka kwa ufasaha jambo lisiloeleweka. Nyimbo nyingi za kanisani zilitafsiriwa hivyo, na wasikilizaji wakazoea.

Magharibi mwa Kenya tatizo hilo lilikuwa na historia yake. Wamishonari wa kanisa la Friends, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi nchi ya Wabukusu, waliwataka waumini waache pombe na ngoma. Litungu lilipigwa palipokuwa na wazee, arusi, matanga na busaa, kwa hiyo likahukumiwa pamoja na busaa. Kwa kuwa shule zilijengwa na misheni, ala hiyo ikabaki nje ya ua. Mvulana alijifunza nyimbo za dini kwa solfa akiwa darasani, na Agosti ya mwaka wa shufwa, wakati wa tohara, akasikia sioyaye na mlio wa njuga za chinyimba kijijini. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba yote mawili ni muziki.

Kitale hali ilikuwa ya namna nyingine. Reli ilifika huko mwaka 1926, na mji ukawa wa walowezi wenye mashamba ya mahindi. Wabukusu waliokwenda kufanya kibarua katika mashamba hayo hawakuacha nyimbo zao nyumbani. Piano na litungu viliishi katika nchi moja ya Trans Nzoia bila kukutana.

Ala yenyewe si rahisi kuitia katika somo. Bakuli la mti huwambwa ngozi, mikono miwili ikachomoza na kuunganishwa na mti wa kukingama, ambako nyuzi saba hukazwa au kulegezwa. Mpigaji huzilinganisha kufuata sauti yake mwenyewe, maana yeye ndiye pia mwimbaji. Akibadilika mwimbaji, hubadilika na sauti ya kuanzia. Mwalimu aliyezoea piano, ambayo haimsubiri mtu, hapo hukwama. Nukuu za Ulaya huweza kuandika sehemu kubwa ya anachokifanya mpigaji, lakini mzaha anaomrushia mgeni aliyeingia hivi punde hauandikiki.

Hyslop alijaribu kulitatua jambo hili kwa njia ya mwalimu. Mwaka 1964 Oxford University Press ilichapisha mwongozo wake kwa walimu wa muziki na viongozi wa kwaya. Jina la kitabu alilichukua kwa William Byrd, mtunzi wa Kiingereza wa karne ya 16. Mtu anaweza kutabasamu kwamba kitabu cha walimu wa nchi iliyotoka kupata uhuru kilimtegemea Byrd hata kwa jina. Ndivyo alivyokuwa: mguu mmoja kanisani Uingereza, mwingine Kenya.

Sura hiyo ya pande mbili ilikuwa imeonekana mwaka uliotangulia. Hyslop aliketi pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi katika jopo lililoandaa wimbo wa taifa. Lahani yao waliitoa katika bembelezi ya Wapokomo iliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana, kisha ikapangiwa sauti kwa mtindo wa Ulaya. Wapo wanaolalamika kwamba mpango huo uliifunika asili ya wimbo. Lalamiko hilo lina uzito, ingawa ni vigumu kuona bendi ya polisi ya mwaka 1963 ingeupiga kwa namna gani nyingine. Omondi, kwa upande wake, alikwenda mbali zaidi katika njia hiyo, akaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu thum, ambayo ni nyatiti ya Wajaluo, aliyoikamilisha London mwaka 1980.

Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa mwaka 1974, kutokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham. Mwaka uliofuata Hyslop alitoa kitabu chake kuhusu ala za muziki za Kenya. Humo litungu la Wabukusu limepewa nafasi na heshima sawa na nyatiti. Ni kitabu chembamba, lakini kilimpa mwalimu kitu cha kushika mkononi alipotakiwa kufundisha muziki wa kwao, na somo la muziki wa kiasili lilipokuja kukomaa katika mitaala, utaratibu wa kuzipanga ala kwa makundi ulikuwa tayari umezoeleka.

Utaratibu huohuo ndio uliozaa swali la alama mbili. Kupanga ala kwa makundi ni rahisi kufundisha na ni rahisi kusahihisha, na mwanafunzi huweza kupita bila kugusa uzi hata mmoja. Anayejua kupiga litungu mara nyingi ni mzee wa Chwele au Kimilili asiye na cheti cha ualimu, na Tume ya Kuajiri Walimu haisajili mtu kwa vidole vyake. Shule humwita msimu wa tamasha unapokaribia, akawanoa vijana kwa majuma machache, na mashindano yakiisha hulipwa nauli akarudi kwake na litungu lake begani.