Eliza, mama aliyemfundisha Rockefeller kutoa

JINA la John Davison Rockefeller linapotajwa, wengi hukumbuka mafuta, ushindani mkali wa kibiashara na utajiri uliotikisa dunia. Ni wachache wanaomkumbuka mama yake mzazi, Eliza Davison, mwanamke mcha Mungu ambaye hakuwa na mali, lakini ndiye aliyempa mwanawe somo la kwanza kuhusu fedha.

Rockefeller alizaliwa Julai 8, 1839 katika kijiji cha Richford, jimbo la New York nchini Marekani. Baba yake, William, alikuwa mchuuzi wa dawa aliyejifanya daktari. Alizoea kutoweka nyumbani kwa miezi kadhaa, kisha kurejea ghafla akiwa na mabunda ya noti.

Katika miezi hiyo Eliza aliilisha familia kwa bidhaa za mkopo kutoka dukani, bila kujua mumewe angerudi lini kulipa deni. Hali hiyo ilimfanya apime kila senti na kuchukia ubadhirifu. Hata hivyo, kila Jumapili aliwapeleka watoto katika kanisa la Baptisti na kuwahimiza kutia sarafu zao katika sadaka. Kwake, fedha ilikuwa dhamana kutoka kwa Mungu, na mwenye kuishika alikuwa wakili tu.

Mama huyo pia alimfundisha mwanawe kufanya kazi. John alipokuwa mdogo alifuga bata mzinga, akawauza na kuweka akiba katika bakuli nyumbani. Baadaye alimkopesha mkulima mmoja dola 50 kwa riba ya asilimia saba kwa mwaka.

Septemba 26, 1855, akiwa na umri wa miaka 16, aliajiriwa kuwa karani wa hesabu katika mji wa Cleveland, Ohio. Kwa miezi mitatu ya mwanzo alilipwa dola 50. Mwaka huo alianza kuandika daftari aliloliita Daftari A, ambalo alilitunza kama lulu hadi uzeeni.

Ndani yake aliandika kila alichopata, alichotumia na alichotoa. Kijana huyo wa kipato duni alichangia kanisa, shule ya Jumapili na maskini. Mwaka 1859 alimpa fedha Mmarekani mweusi aliyekuwa akitafuta namna ya kumkomboa mkewe kutoka utumwani.

Lakini John hakuwa mtoto wa Eliza peke yake. Baba yake alijivunia kuwalaghai wanawe katika biashara ili wawe wajanja. Alipomkopesha John dola 1,000 za kuanzisha biashara, alimtoza riba ya asilimia 10. Kibaya zaidi, mwaka 1855 alikuwa amefunga ndoa na mwanamke mwingine kwa jina la uongo.

Mafunzo ya wazazi hao wawili yalionekana dhahiri baada ya Rockefeller kuanzisha kampuni ya Standard Oil mwaka 1870. Katika muda wa miaka 10 hivi kampuni hiyo ilidhibiti takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta Marekani. Ilipata punguzo la siri katika nauli za reli na kuwabana washindani hadi wakauza viwanda vyao. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru ivunjwe.

Kabla ya hapo, mwaka 1905, yalizuka malumbano makali kuhusu dola 100,000 alizotoa kwa shughuli za wamisionari. Baadhi ya wachungaji walihoji iwapo kanisa lilikuwa na haki ya kupokea fedha iliyochumwa kwa njia hizo. Daftari A lilionyesha fedha iliyotoka ilikwenda wapi. Halikueleza kilio cha wale walioifanya iingie.

Eliza alifariki dunia mwaka 1889, kabla ya kuona matunda makubwa ya malezi yake. Mwanawe alisaidia kuanzisha Chuo Kikuu cha Chicago, akafungua taasisi ya utafiti wa tiba mwaka 1901 na kugharimia vita dhidi ya minyoo ya safura kusini mwa Marekani. Mwaka 1913 ulianzishwa Mfuko wa Rockefeller. Kwa jumla alitoa zaidi ya dola milioni 500.

Afrika Mashariki nayo iliguswa. Mwaka 1936 Mfuko huo uliasisi kituo cha utafiti wa homa ya manjano mjini Entebbe, Uganda. Watafiti wa kituo hicho ndio waliogundua virusi vya Zika mwaka 1947.

Nyumbani, Rockefeller aliwafundisha watoto wake kuandika hesabu za senti zao. Mwanawe, John mdogo, naye aliwataka watoto wake waandike matumizi ya kila wiki, waweke akiba na watenge sehemu ya kutoa. Desturi ya Eliza ikafika kwa vitukuu wake.

Rockefeller alifariki Mei 23, 1937 huko Ormond Beach, Florida, akiwa na miaka 97. Alizikwa Cleveland, kati ya kaburi la mama yake na la mkewe, Laura. Baba yake, aliyewahi kumiliki mabunda ya noti, alizikwa mbali na familia hiyo, huko Freeport, Illinois, kwa jina ambalo halikuwa lake.