John Dunlop, mpira wa kinga, na wale waliolipa bei yake

Wandugu wachimbaji, wa mama na vijana wa fasi zote kunako zahabu, leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake wengi wetu tumelisoma kwenye mpira wa kinga ao wa gari, bila kujua kama alikuwa mutu kweli, na bibi na watoto. Ni John Boyd Dunlop. Amekufa sasa zaidi ya miaka 100. Lakini mvua ikinyesha huku Ituri, barabara ikigeuka sawa sabuni, na kijana akiteremuka mulima na mifuko mbili nyuma ya kinga, ni ile kazi ya Dunlop njo inashika udongo, ao inakataa kushika.

Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa pili 1840, katika kijiji cha Dreghorn, inchi ya Skotlandi, kwa jamaa ya walimaji. Alisoma Edinburgh udaktari wa nyama, akaanza kazi angali kijana sana. Mwaka 1867 alivuka bahari akaenda kuishi Irlandi, na kisha akajenga kazi yake katika muji wa Belfast. Mwaka 1871 alioa Margaret Stevenson, wakazaa watoto wawili, binti na kijana. Belfast ilikuwa muji wa bandari na wa viwanda vya kitambaa cha lini. Mvua ni nyingi kule, baridi pia, na njia za muji zilikuwa za majiwe magumu yaliyopangwa moja kando ya lingine.

Kwa wakati ule kinga zilikuwa tayari, lakini magurudumu yake yalikuwa ya chuma, ao yalivikwa mpira mugumu usio na kitu ndani. Kila jiwe lilipanda mpaka kwenye mifupa ya mutu. Mpira wenyewe ulikuwa umejulikana zamani. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mumarekani, aliona kama ukichanganya mpira na salfa na kuupitisha kwenye moto, hauyeyuki tena kwenye jua wala haupasuki kwenye baridi. Goodyear alikufa mwaka 1860 na madeni mengi. Ile kompani kubwa ya mipira yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898, na jamaa yake haikuwa na kitu ndani. Tuiweke hii akilini, sababu ya Dunlop inafanana nayo.

Katika mwezi wa 10 mwaka 1887, Dunlop alitaka kusaidia mutoto wake mwanaume, aliyekuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu yenye kumutikisa sana kwenye majiwe. Alichukua ubao wa muviringo wa upana wa karibu metre moja. Akatengeneza bomba ya mpira mwembamba, akaizungusha kwenye ubao, akaifunika na kitambaa cha lini na kukipigilia misumari, kisha akatia upepo na pompe ya kujazia mpira wa kuchezea. Akapeleka kazi yake kwenye kiwanja cha nyumba, akasukuma gurudumu la kinga ya mutoto: likatembea kidogo, likaanguka. Akasukuma lile la upepo: likafika mwisho wa kiwanja, likagonga mulango, likarudi nyuma. Mwanzoni mwa 1888 mutoto alikuwa anatembea juu ya upepo.

Sababu yake ni nyepesi, na kila mutu anayesukuma muzigo inafaa aielewe. Gurudumu gumu likikutana na jiwe, inabidi kinga yote na mutu na muzigo vipande juu ya lile jiwe. Mpira wa upepo unameza jiwe: unaingia ndani kidogo fasi ile tu, kisha unarudi. Nguvu ya miguu haipotei kwa kurusharusha muzigo. Na tena, mpira unaolala kidogo juu ya njia unagusa udongo kwa fasi kubwa kuliko chuma. Njo maana unashika.

Tarehe 7 mwezi wa 12 mwaka 1888 serikali ya Uingereza ilimupa Dunlop breve, ni kusema karatasi ya kulinda kazi ya mwenye kuvumbua kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 18 mwezi wa tano, kulikuwa mashindano ya kinga Belfast. Kijana mumoja, Willie Hume, alikuja na mipira ya upepo. Watu walipoona ile mipira minene walicheka. Hume alishinda mashindano yote ine, kicheko kikakwisha. Mufanyabiashara mumoja wa Dublin, Harvey du Cros, ambaye wavulana wake walikuwa wakimbizaji wa kinga, aliona faida iko wapi. Ile mwaka 1889 kompani ikaundwa Dublin, du Cros akiwa mukubwa wake, na Dunlop akatoa breve yake kwa kompani.

Kisha kukaja neno la kuvunja moyo. Ilionekana kama Muskoti mwengine, Robert William Thomson, alikuwa amevumbua mpira wa upepo na kuandikisha breve tangu 1845, wakati Dunlop alikuwa mutoto wa miaka mitano. Wakati wa Thomson kinga za kuufaa mpira ule hazikuwa bado, watu wakausahau. Breve ya Dunlop ikakosa nguvu. Kompani iliokoka sababu ilinunua kazi za wengine: Charles Welch aliyetia waya pembeni ya mpira, na William Bartlett aliyevumbua namna ya kuufunga kwenye chuma cha gurudumu bila gamu. Huko Ufaransa, mwaka 1891, wandugu Michelin wa Clermont-Ferrand walileta mpira wa kufungua haraka, na Charles Terront akashinda nao safari ndefu ya Paris mpaka Brest na kurudi. Mbele ya hapo, mpira ukitoboka mutu alipoteza masaa mengi. Na shida ingine ilikuwa utelezi. Mipira ya kwanza ilikuwa laini inje sawa yai, na kwenye njia za muji zenye maji na matope watu walianguka. Njo watengenezaji wakaanza kuchora mistari na kutia meno kwenye mpira.

Dunlop mwenyewe alijitoa kwenye kompani mwaka 1895. Mwaka 1896 du Cros aliuza kompani kwa milioni 3 za pauni za Uingereza, feza ya kutisha kwa wakati ule. Sehemu kubwa haikuingia kwenye mufuko wa Dunlop. Alibaki Dublin na biashara ya vitambaa, akafa kule tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka 1921. Uso wake na ndevu zake viliendelea kusafiri dunia nzima kama alama ya kompani ambayo haikuwa yake tena.

Hapa wengine wanaomaliza maisha ya Dunlop wanafunga kitabu. Sisi hatuwezi, sababu sisi ni Wakongomani.

Mpira hautoki kwenye kiwanda. Unatoka kwenye muti. Ile mwaka 1888 mashamba ya miti ya mpira ya Asia yalikuwa hayajaanza kutoa. Mpira ulitoka porini, Amazonia na huku kwetu, kwenye kamba za pori. Inchi yetu ilikuwa mukononi mwa Leopold wa pili, mufalme wa Wabelgiji, tangu 1885, chini ya jina la État Indépendant du Congo. Kinga zilipotaka mipira, kisha magari, na waya za umeme pia zikitaka mpira wa kuzifunika, bei ilipanda. Mwaka 1890 Kongo ilitoa tani mia moja na kidogo. Mwaka 1901 ilitoa karibu tani 6.000. Hakuna mashini iliyofanya ile kazi. Ni wanaume waliotumwa porini kwa nguvu, wake zao wakifungwa mpaka kilo zitimie, vijiji vikichomwa, mikono ikikatwa na askari wa Force Publique. Watu walikufa kwa risasi, kwa njaa na kwa magonjwa, wengi sana.

Hatusemi kama Dunlop njo alikata mikono. Alitaka mutoto wake asitikisike, na ile ni mapendo ya baba. Lakini kati ya kiwanja cha nyumba yake Belfast na pori letu kulikuwa watu wengi wenye kupata faida, na hakuna aliyeuliza kilo zinatoka namna gani. Aliyeuliza alikuwa karani wa meli, Edmund Morel. Aliangalia vitabu vya bandari ya Antwerpen, akaona meli zinakuja na mpira na pembe za tembo, zinarudi Kongo na bunduki na risasi. Akaelewa kama watu hawalipwi. Mwengine ni Roger Casement, muzaliwa wa karibu na Dublin, ule ule muji ambako Dunlop alikuwa anaishi. Alikuwa konsili wa Uingereza, na mwaka 1903 alipanda mto Kongo, akasikiliza watu, akaandika. Ripoti yake ilitoka 1904. Kisha makelele mengi, mwaka 1908 Leopold aliachilia inchi kwa serikali ya Ubelgiji. Na tusisahau: ni ile ile mwaka 1903 zahabu ilionekana huku kwetu Kilo. Migodi yetu ilizaliwa chini ya utawala ule ule. Hata wakati wa vita ya 1940 mpaka 1945, Wabelgiji walirudisha watu porini kutafuta mpira, na kazi ya lazima ikapandishwa mpaka siku 120 kwa mwaka.

Basi mpira ulio chini ya kinga yako ulilipwa tayari na bei kubwa. Inafaa ukutumikie muzuri. Kwa wale wanaosukuma muzigo kwenda kwenye machimbo wakati wa mvua, haya ndiyo ya kuangalia sokoni.

Kwanza, jua njia yako. Kama unatembea kwenye njia ngumu ya mujini, meno madogo yanatosha, sababu pale ni ulaini wa mpira wenyewe njo unashika maji. Kama njia yako ni udongo mwekundu wa Mongbwalu ao Kilo, tafuta meno marefu yenye kuachana. Meno yaliyobanana yanajaa matope, na kisha metre kumi mpira wako umekuwa laini sawa ule wa kwanza wa Dunlop.

Pili, bonyeza na kucha. Mpira muzuri unaingia kidogo na kurudi. Ukiwa mugumu, unang'aa, na uko na mipasuko midogo pembeni, ni muzee, hata kama muuzaji anasema ni mupya. Mpira uliotundikwa kwenye jua miezi mingi umekwisha kuzeeka bila kutembea.

Tatu, soma namba pembeni. Ya 28 haiingii kwenye 26. Mpira mupana unashika zaidi, lakini uache nafasi ya kidole kati yake na vyuma vya kinga, kama sivyo matope yatafunga gurudumu. Kama kuko mushale, uufuate.

Ine, upepo. Kwenye matope punguza kidogo, usishuke chini ya kipimo kilichoandikwa. Nyuma kwenye muzigo usipunguze, sababu chuma kitauma mpira wa ndani. Na kama uko na feza ya mpira mumoja tu mupya, uutie mbele. Wa nyuma ukiteleza unaweza kujishika. Wa mbele ukiteleza, uko chini na muzigo juu yako.

Sasa neno letu la sendika. Huku kwetu kijana anayebeba mifuko ya PDG ananunua mipira yeye mwenyewe. Mipira ikikwisha, anaiunga na kamba na vipande vya mpira wa zamani, sababu kununua mupya ni kula mushahara wa siku nyingi. Akianguka na kuvunja mukono, wanasema ni bahati yake mbaya. Sisi tunasema mpira wa kinga inayobeba muzigo wa shimo ni chombo cha kazi, sawa pompe, sawa beshi. Uandikwe kwenye hesabu ya shimo mbele ya kugawa zahabu, na mipira mbili ibadilishwe mbele ya mvua kuanza, si kisha mutu kuanguka. Kwenye kila shimo ambako wabebaji wanakaa pamoja na kuuliza hii neno kwa sauti moja, iko nguvu. Mumoja mumoja, hapana.

Dunlop aliacha jina kwenye mpira. Wale wa porini hawakuacha jina. Kilo zao tu ziliandikwa kwenye vitabu vya meli, na njo Morel alisoma pale. Wandugu, tuandike hesabu zetu sisi wenyewe: nani amebeba, mara ngapi, na mpira gani, na nani amelipa.